Sanduku Nililolipiga Msasa

Jumamosi, 18 Aprili 2009
Nimepita bwawani kabla ya kazi, kama kila siku. Bata yumo, ameanza kuatamia. Amechagua sanduku langu; ya wenzangu yote matupu! Ni wale bata wa macho ya manjano, Waswidi huwaita knipa. Hutaga kwenye mashimo ya miti, na miti ya hivyo hapa Fittja imekwisha. Ndiyo maana Birgitta wa chama cha ndege alitugawia sisi majirani mbao za kuunda masanduku ya kutundika mitini. Wenzangu waligongagonga tu. Mimi nilipiga randa, msasa, vanishi ndani na nje. Jina langu nikalichonga chini, kama kazi zangu zote tangu Morogoro. Mke wangu Zaituni anacheka: "Baba Asha, huyo bata anataga au anaolewa?" Acheke.

Jumatano, 13 Mei
Siku mbaya. Birgitta kanikuta kituo cha basi. Kauliza, kwa mazoea tu, kama ubao wa ndani niliuacha na makwaruzo. Kumbe vifaranga hukaa siku moja tu, kisha hupanda kwa kucha hadi tundu na kuruka. Mama hawabebi. Ubao ukiwa laini hawatoki, wanafia humo.
Nikamjibu: "Ndiyo, niliuacha."
Mtu mzima hovyo! Karatasi ya maelekezo alinipa tangu Machi. Sikuisoma. Seremala wa miaka thelathini asome karatasi ya sanduku?

Alhamisi, 14 Mei
Nimekata mlango vibaya kazini. Kichwa hakipo. Nikigonga misumari kuongeza ubao wenye makwaruzo, mayai yatapasuka. Nikimtisha bata, atayatelekeza. Zaituni kasema nimwambie Birgitta ukweli. Siwezi. Naona haya, basi.

Jumamosi, 16 Mei
Nimevizia tangu asubuhi. Saa nne katoka kula. Ngazi. Kifuniko. Mayai tisa, ya moto, kayafunika kwa manyoya yake. Moja linalia kwa ndani! Nikateremsha, chini ya tundu, kipande cha ubao nilichokichanja mistari kwa msumeno, nikakikaza kwa skrubu kutoka nje. Skrubu ya pili ikagoma; nikaiacha, nikafunika. Bata akarudi. Kazunguka juu mara tatu, kaniona, kaenda zake.

Saa tano. Hajarudi.

Saa tano na nusu. Mayai yanapoa. Nitakuwa nimewaua mara mbili.

Nimempigia Birgitta. Nimesema yote, hata uongo wa kituoni. Kauliza: "Uko wapi sasa hivi?" Nikajibu, chini ya mti. "Basi ondoka hapo. Anakuogopa wewe."
Lo! Nimetoka mbio, ngazi nimeiacha.

Jumapili, 17 Mei
Birgitta kachungulia kwa darubini kutoka ng'ambo ya bwawa. Bata yumo. Mayai yakoje, hajui mtu. Chakula hakipiti.

Jumanne, 19 Mei
Saa moja asubuhi, mimi na Birgitta ng'ambo ya bwawa. Bata alishuka majini akaita. Kimya. Akaita tena. Kichwa kikatokeza tunduni, kifaranga kikaruka, kikadunda kwenye nyasi. Kisha cha pili. Nimehesabu vinane. Mama aliita cha tisa kwa muda mrefu, halafu akaondoka na hao alionao.

Tukafungua. Cha tisa kilikuwa kimekufa, kwenye ukuta usio na mistari. Vanishi yangu ina alama za kucha zake. Birgitta kasema labda kilikuwa dhaifu. Labda.

Kanishikia ngazi. Nimechukua patasi, nimelikwaruza sanduku lote ndani. Limekuwa baya kabisa. Jina nimeliacha.