Makopo Aliyoyarudisha Mama

Jengo la Nyuma ya Karakana,
Ghorofa ya Pili, Mlango wa Kijani.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi yangu na kwa wanangu. Je, mgongo wako umepoa, au bado unakusumbua? Sisi huku tu wazima wa mwili. Roho ndizo hazijatulia tangu tumzike mama.

Kwanza nikutoe wasiwasi: hakuna anayekulaumu kwa kutofika mazishini. Ulijaribu ukakwama, tunajua. Ukiendelea kujilaumu utaniudhi, na unajua nikiudhika ninavyokuwa.

Mimi mwenyewe mazishini sikulia. Shangazi akasema nina roho ya jiwe. Nimelia Jumatano hii, uani, mbele za watu, kwa ajili ya kopo la maziwa ya unga. Cheka tu, hata mimi ningecheka.

Unakikumbuka kibanda cha mama pale uani: gunia la plastiki, la karatasi, la makopo. Ulipoondoka ndiyo kwanza alikuwa anazunguka mlango kwa mlango, akiwabembeleza watu wasitupe taka zote pamoja. Walimcheka, wakamwita Bi Takataka. Baadaye jengo zima likamfuata, maana aliyetupa kopo chafu alilikuta limerudi mlangoni kwake, na mama amesimama nalo. Nani anataka kuumbuliwa asubuhi asubuhi?

Sasa hayupo, na watu wamelegea. Jumatano lori la mnunuzi wa taka hizo lilikuja, dereva akafungua gunia la makopo, akaziba pua.

"Dada, mimi na marehemu tulielewana vizuri. Mzigo huu umeoza, siubebi. Mkirudia, hapa sipiti tena."

Akaondoka. Nikatoa kopo la juu, limejaa ukungu, nikaona sasa mama anakufa mara ya pili. Hapo ndipo nilipolia mpaka kamasi zikanitoka.

Mwenye kopo nilimjua. Jengo zima ni fundi cherehani wa ghorofa ya nne peke yake anayetumia maziwa yale. Nikapanda ngazi nimejaa hasira, tayari kumpa vidonge vyake. Yule bibi akafungua, akalitazama kopo, akanitazama mimi, akanipisha mlangoni.

"Karibu ndani, mwanangu. Mama yako naye alikuwa anakuja nalo hivyo hivyo, anaketi pale. Mimi miguu hainishushi, hata taka jirani ndiye ananitupia. Sasa kopo likiwa safi, nani atapanda kuniona?"

Kumbe miaka yote alikuwa haoshi kwa makusudi, na mama alijua! Alikuwa analiosha mwenyewe kwenye beseni la fundi huku wakipiga soga. Hasira zikaniisha. Nikaomba maji, nikaosha.

Kibanda sijui kama nitakiweza. Nimeanza kugonga milango, lakini mdomo wangu ni mkali na subira ya mama sina. Wawili wamenifungia usoni. Lori likirudi tupu tena, ndiyo basi, mwenye jengo atakibomoa kibanda aweke magari yake pale. Naogopa, mdogo wangu.

Na unajua mama na fundi walikuwa wakimzungumzia nani kila wiki? Wewe. Fundi anajua unavyoogopa radi, anajua ulivyotoroka shule ukalala chini ya kitanda. Nilipoaga akanishika mkono, akaniuliza unaendeleaje, kwa kuwa tangu mama afariki hajapata habari zako. Habari zako zote alikuwa nazo mama.

Basi niandikie, hata mambo madogo madogo, nimpandie nayo.

Shangazi anakusalimu sana. Mjomba fundi bomba naye anakusalimu, bado anakohoa. Mungu akutunze huko ugenini, na akupe majirani wa kukugongea mlango.

Wako akupendaye daima,
Dada yako