Mali Kauli na Neno la Makaburini

Mama Marciana, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaharibu jina langu kabisa, maana nimefika mahali ambapo nikipita njia ya sokoni hapa Mikumi natazama chini kama mtu aliyedondosha sindano, na mimi si mhuni, ni mkandarasi mwenye leseni, daraja la saba, leseni yenyewe nimeitundika sebuleni.

Mwaka jana nilipata kazi ya kujenga nyumba ya mwalimu kule mlimani Vidunda, na wenye kazi walisema watalipa paa likishakaa, nami mfukoni sikuwa na kitu, basi nikamwendea Magreti, mama mmoja Mgogo mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye tangu saruji iache kutafutwa kwa kibali na kila mtu apate ruksa ya kuuza ndiye anayetulisha mafundi wote wa hapa, na kwa kuwa yeye ni Mgogo na mimi Msukuma sisi ni watani, haipiti siku hajaniuliza kama michembe, viazi vyetu vikavu, imeniishia nami sijamuuliza kama mlenda umeota dukani. Akanipa mabati sitini na mifuko sabini ya saruji kwa mali kauli, bila hata kipande cha karatasi, jumla laki sita na elfu sabini, akaniambia tu, "Msukuma, ukipata unaleta, usipoleta nakuja kuchukua hizo ndevu."

Nyumba ikaisha, saruji tuliipandisha mlimani kwa vichwa vya watu, na kabla sijalipwa mama yangu akafariki, mwezi wa tatu. Siku ya mazishi tumeshafika makaburini na jeneza limewekwa chini kando ya kaburi, mara Magreti akaingia mwenyewe kaburini, akakaa kitako na kupiga kelele kwamba hatoki na marehemu hazikwi mpaka mabati yake yalipwe, watu wakacheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba uingie, nikatoa noti ya mia tano nikamrushia nikasema, "Shika, Mgogo, deni limekwisha!" Akaiokota, akaichomeka kwenye khanga mbele ya ukoo mzima na mbele ya katekista Cleopa, akajibu, "Limekwisha, Msukuma. Mzike mama yako."

Sasa mama, wiki mbili baadaye fedha ya kazi ikatoka, na sijui niliingiwa na nini, nikasema moyoni kwamba mali ilitoka kwa kauli na deni limefutwa kwa kauli, mashahidi wapo, nikanunua ng'ombe sita nikawapeleka malishoni kwa rafiki yangu Seuri. Fundi wangu Kondo aliniunga mkono, akasema mtani hadaiwi. Mke wangu Agness aliniangalia tu.

Juma lililopita Magreti alikuja nyumbani. Nikamwanza kwa mlenda kama kawaida, hakucheka. Akasema, "Habari za asubuhi, ndugu mkandarasi. Nisipopeleka fedha Morogoro kwa mwenye mzigo kabla ya mwisho wa mwezi, nafunga duka. Naomba mali yangu." Miaka tisa hajawahi kuniita ndugu mkandarasi. Nikamkumbusha neno la makaburini, akanitazama, akajifunga khanga yake vizuri akaondoka, na tangu siku hiyo tukikutana ananipita kama mti.

Je mama, neno la mtani lina nguvu au halina? Na kama halina, nitamwendeaje bila mji mzima kunicheka? Jina langu tafadhali usilitoe.

Mkandarasi, Mikumi

*

Marahaba, mwanangu. Jina lako sijalitoa. Ila mkandarasi Msukuma wa Mikumi, mwenye ndevu, aliyefiwa na mama yake mwezi wa tatu, mwenye leseni sebuleni na ng'ombe sita kwa Seuri, nadhani mji umeshakutambua kabla haujafika kwenye saruji. Kwa hiyo hilo la kuogopa kuchekwa tuliweke pembeni, limeshapita.

Pole sana kwa mama. Hilo nalisema bila utani.

Sasa nikuulize. "Limekwisha, Msukuma" ulilisikia vizuri, na mashahidi ukawahesabu. "Mzike mama yako" hukulisikia? Yule mama alikuona umesimama pale umevunjika, akashuka kwenye udongo na khanga yake safi ili upate nguvu ya kumzika mzazi wako. Ndiyo kazi ya mtani msibani, na aliifanya vizuri. Alikuja kukufuta machozi, wewe ukamgeuza risiti!

Mtani ana haki ya kukamata kuku wako na kukuachia matusi juu. Mtani aliyekula duka zima sijapata kumsikia, wala kwa Wasukuma wala kwa Wagogo. Na kama kila neno la utani ni mkataba, basi kaa tayari, maana ndevu zako nazo aliahidi kuja kuzichukua. Huyo Kondo anayesema mtani hadaiwi, mwisho wa wiki mlipe ujira wake kwa utani, halafu uniandikie amesemaje.

Unajua kilichoniudhi? Wenye leseni zao walikupa leseni baada ya kukagua vyeti vyako. Magreti alikupa mabati sitini bila kukagua chochote, kwa kuwa umesema tu. Kauli yako ilikuwa inatosha. Hata wewe hukuamini hiyo hoja yako ya makaburini, ungeiamini usingekuwa unatazama chini sokoni, na Agness alikuambia yote kwa macho.

Basi sikiliza. Wiki hii nenda kwa Seuri uwatoe ng'ombe wote sita, wapeleke mnadani, na bei isipotosha ongeza kutoka mfukoni. Usimwambie akubakizie jike moja la mbegu, nakujua. Fedha ipeleke asubuhi, dukani, wateja wakiwepo, kwa sababu deni ulilifuta mbele za watu na mbele za watu ndipo pa kulilipa. Hesabu mezani. Sema, "Nilikosea, mama, nisamehe," kisha unyamaze. Usimtanie. Utani sasa ni wake kuuanza, na akiuchelewesha mpaka mavuno mengine, utavumilia. Na uende kabla ya mwisho wa mwezi, si tarehe mosi, maana siku hiyo utakuta kufuli.

Akikuita ndugu mkandarasi, itika. Inauma, najua, lakini ndiyo bei yake. Ng'ombe utanunua wengine, mwanaume mwenye leseni na afya hakosi kazi. Mtu wa kushuka kaburini ili ucheke huku unalia hauzwi mnada wowote. Una watoto, na siku yako itafika kama yetu sote. Siku hiyo nani atawachekesha?