Kopo la Maji ya Mfereji

Jumapili, 9 Machi 2025

Gari limekufa. Naandika kwa hasira, labda halijafa. Ila moshi niliouona leo si wa gari lenye mpango wa kuamka.

Nilikuwa nimeshamrudisha baba kutoka kanisani, nimekula loshoro yake ya mahindi na maziwa, nateremka zangu kutoka Akheri. Sijafika hata lami ya Tengeru, mshale wa joto umepanda mpaka mwisho. Nikasema ah, ni huu mlima. Mlima gani na mimi nashuka! Mara boneti ikaanza — fyuuu! — mama wa genge la ndizi akakimbia akaacha ndizi. Mzee mmoja akaja na ushauri. Wa pili akaja kumpinga wa kwanza. Mwisho nimefungwa kamba, nikavutwa na kenta la mchanga mpaka gereji ya Dismasi, huku Engutoto, karibu na kwangu. Mwalimu mzima wa jiografia navutwa kwa kamba mbele ya wanafunzi wangu. Wamenipungia mkono, washenzi wale!

Na mkopo wake ndio kwanza uko katikati.

Baba sijampigia.

Jumatatu, 10 Machi

Dismasi amefungua injini. Yeye ndiye fundi wangu tangu ninunue hili gari mkononi mwa mtu. Ni msemaji sana, kwa hiyo akinyamaza ujue mambo yameharibika. Leo alinyamaza mpaka chai yake ikapoa.

Gasketi imekatika. Silinda hedi imepinda. Mafuta na maji yamechanganyika, rangi yake chai ya maziwa kabisa. Rejeta imeziba. Akachokonoa ndani kwa waya, likatoka tope la kahawia, laini, zuri hata kwa kufinyangia chungu. Akaniuliza, mwalimu, humu mnaweka maji ya wapi?

Nikasema sijui.

Mwongo mimi! Lile tope nimelijua kabla hajamaliza kuuliza. Ni mfereji wetu, unaopita nyuma ya kahawa ya baba. Nimeoga ndani yake, nimefua ndani yake, na meno yangu yana rangi ya chai kama ya Wameru wenzangu kwa kunywa maji ya mlima huu. Sasa na injini nayo imekuwa Mmeru.

Kila Jumapili nikifika Akheri, baba anataka boneti ifunguliwe. Anasubiri lipoe. Halafu anakuja na kopo lake. Mwaka jana, mwezi wa tisa, alichungulia mle akaona kulanti, yale maji ya kijani ya dukani. Akashtuka! Maji ya kijani ni maji yaliyolala, alisema, hata ng'ombe hanywi. Akayamwaga yote chini, akajaza ya mfereji. Nilikuwepo. Nilishika mfuniko. Alikuwa anaimba.

Jumatano, 12 Machi

Agnela, mwalimu mwenzangu, amenikuta stafu rumu nimeinama, akajua. Yeye ndiye mdhamini wangu kwenye SACCOS. Nikishindwa kulipa, wanamkata yeye. Kwa hiyo gari langu likikohoa, Agnela anaumwa kifua.

Akasema uza. Nikamwambia niuze nini, kadi ya gari wameishika wao mpaka deni liishe. Gari ni langu siku ya kujaza mafuta tu. Nikiliacha gereji, makato yanaendelea. Nikilitengeneza, nakopa juu ya mkopo. Kote kote moto.

Nikamweleza habari ya baba na kopo. Yesu na Maria! Akacheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha kucheka. Akasema mwambie mzee ukweli, nyie Wameru mnamezea mambo mpaka yanaoza, sisi Wachaga wa Kibosho angeambiwa siku ileile. Nikamjibu ndiyo maana Kibosho hamsemeshani. Tukacheka tena, lakini neno lake limenikaa.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua tangu asubuhi. Nimesahihisha madaftari mawili, nikashindwa. Nawaza lile lori.

Baba alikuwa dereva wa chama cha ushirika. Msimu wa kahawa ukigongana na likizo, alinichukua. Mimi, mtoto wa kike, nimekaa mbele! Mama alilalamika kwamba narudi nanuka dizeli kama utingo. Tulikuwa tunatoka na giza, magunia nyuma, harufu ya kahawa kavu imejaa mpaka kwenye nguo. Kukipambazuka, Meru iko mgongoni, Kilimanjaro iko mbele, na baba anaimba sauti ya pili ya nyimbo za kwaya peke yake, bila mtu wa kuimba ya kwanza. Nikajifunza ya kwanza kwa kumhurumia.

Kikatiti, njiani, tulisimama kila safari. Kazi yangu ilikuwa kopo. Lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, rangi yote imebanduka, mpini wa waya. Nilichota, nikalileta kwa mikono miwili, maji yananimwagikia miguuni. Baba alifunika mfuniko wa rejeta kwa tambara bichi, akauzungusha polepole. Rudi nyuma, Nipa mwanangu, linapumua! Nikarudi nyuma naogopa na kucheka. Halafu akamimina bila kudondosha tone. Gari halisafiri bila kunywa, alisema, kama ng'ombe tu. Kisha andazi, moja, nusu yangu nusu yake.

Ni kopo lilelile. Sijui amelitunza vipi miaka yote hii.

Lori lilishauzwa chuma chakavu. Mama tumemzika. Kahawa nusu baba ameing'oa, magoti hayamruhusu kupogolea. Kilichobaki mkononi mwake ni boneti ya gari langu, Jumapili hadi Jumapili. Pale akiinama na kopo, mgongo wake unakuwa wa zamani. Naukumbuka ule mkono mkubwa kwenye gia.

Sasa nimwambieje? Nikimwambia, nimemnyang'anya udereva wake wa mwisho. Nisipomwambia, ataliua tena, na mara ya pili hakuna atakayenikopesha. Hakuna gari, hakuna kanisa, hakuna Jumapili zetu.

Jumapili, 16 Machi

Nimepanda bodaboda mpaka Akheri. Baba alikuwa getini, koti la kanisani amevaa, kopo liko chini limejaa. Shikamoo baba. Marahaba, gari liko wapi?

Nikasema liko kwa fundi. Breki.

Za mbele au za nyuma?

Ee Mungu. Nikasema za mbele. Linavutia upande gani? Kushoto. Basi ni silinda ya gurudumu, au umekanyaga sana Mlima wa Kijenge, mimi nilikufundisha kushuka kwa gia! Alifurahi kunigombeza. Na mimi nikawa naongeza uongo, tofali juu ya tofali.

Kanisani hakuenda. Kwa mguu hawezi, na bodaboda hataki, anasema mzee wa kanisa habebwi nyuma ya kijana kama mzigo wa majani ya ng'ombe. Tumeimba nyumbani, wawili, yeye sauti ya pili. Alichoka kabla ya ubeti wa mwisho.

Maji ya kopo akayamwagia mche wa parachichi. Yasipotee, alisema.

Alhamisi, 27 Machi

SACCOS wameniongezea. Mkopo umepanda mgongoni kwa mkopo. Agnela amesaini tena, akaniambia nikimfia atanifufua anidai. Nampenda yule mwanamke.

Dismasi amepeleka hedi kuchongwa, gasketi mpya, rejeta nyingine ya mtumba lakini safi. Akamimina yale ya kijani mbele yangu, akasema mwalimu, tope lile likirudi usiniite mimi, mwite padri. Nikamwambia mimi ni Mlutheri. Basi mchungaji.

Ikabidi nimweleze kwamba ni baba. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alifuta mikono muda mrefu, kisha akanionyesha kale katangi keupe ka pembeni, kenye kifuniko cha bluu, ka maji ya kuoshea kioo. Mzee mwambie magari ya siku hizi yanakunywa hapa. Amimine mpaka achoke, haliumii. Na mfuniko wa rejeta akaufunga kwa waya.

Nikafurahi jamani! Akili gani hiyo! Nimerudi nyumbani naendesha, naimba, mshale wa joto umetulia katikati. Wakati wa kuosha vyombo ndipo nikaona aibu. Mtu aliyenifundisha gia nakwenda kumdanganya kwa kifuniko cha bluu.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua kubwa, Jumapili ya pili sasa. Njia ya Akheri haipitiki. Nimempigia, nikasema wiki ijayo. Akauliza breki. Nikasema nzuri.

Namshukuru Mungu kwa mvua. Dhambi hiyo.

Jumapili, 13 Aprili

Siku ya Mitende. Naandika humu garini, daftari kwenye usukani, uwanjani kwa baba.

Nimefika mapema makusudi. Alilizunguka gari lote, akapiga magurudumu teke, akasema karibu nyumbani. Aliliambia gari, si mimi! Tukanywa chai likipoa. Kisha akaja na kopo.

Akauona waya. Akaushika. Nani amefunga? Fundi, baba. Siku hizi maji yanawekwa hapa. Nikamwonyesha ka bluu. Sauti yangu ilitoka ya mwanafunzi aliyenakili.

Alikatazama. Akafungua kifuniko, akamimina polepole mpaka juu, hakudondosha tone. Akafunga. Akashusha boneti kwa mikono miwili. Akaniambia ingia, washa wipa.

Nikaingia. Nikavuta kile kijiti.

Maji ya mfereji yakaruka juu ya kioo, ya kahawia, wipa zikayapangusa huku na huku. Nyuma yake uso wa baba, unafutika, unarudi. Akaja dirishani.

Nipa, hapa ni pa kioo.

Ndiyo, baba.

Na lenyewe siku hizi linakunywa nini?

Nikasema yale ya kijani.

Yale niliyoyamwaga.

Akaangalia kopo, ndani kabisa, kama limebaki kitu. Kwa hiyo haikuwa breki.

Haikuwa breki, baba.

Akasema ngoja nikavae koti. Akaingia ndani. Sikumwona akikasirika. Afadhali angekasirika! Angenigombeza za mbele na za nyuma ningepona.

Kengele ya kwanza imelia zamani. Watoto wanapita barabarani na makuti yao, wamevaa nyeupe, wanapigana nayo. Hajatoka.

Nilitaka kuingia. Nikaogopa kumkuta amekaa kitandani.

Kengele ya pili.

Ametoka! Koti hajavaa. Amepita pembeni ya gari bila kunitazama, ameenda nyuma ya kahawa. Nasikia kopo linagonga jiwe la mfereji. Hiyo sauti naijua hata usingizini.

Anarudi. Taratibu, magoti yale, njia inateleza. Kopo limejaa mpaka ukingoni na amelibeba kwa mikono miwili, kama nilivyokuwa nalibeba mimi Kikatiti. Yanammwagikia miguuni.

Amefika mbele ya gari. Amesimama. Anasubiri boneti.

Agnela angeniua.

Nimevuta kishikio cha boneti. Imefunguka, ameinyanyua, na sasa simwoni, imemficha mzima. Nasikia mkono unapapasa. Waya au kifuniko, sijui. Ameanza kuimba, sauti ya pili, chinichini.

Nasikia maji yanamiminwa. Mimi sishuki. Nimeshika sauti ya kwanza.