Mikono Yote Juu, na Mimi Ndiye Mtoa Mada

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba uvumilie mwandiko, maana nimechoka hadi kalamu naiona nzito. Jina langu usilichapishe, ingawa wenzangu wakiisoma barua hii watanijua tu, kwa sababu kwenye kongamano la wakuu wa shule la wiki ijayo mtoa mada mkuu ni mmoja, na ndiye mimi.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, watoto wengi, madawati ya kubanana, paa la stoo linavuja, shule isiyo mbaya wala ya kusifiwa, matokeo yetu ni ya katikati, na kwa miaka yote niliyokalia kiti hiki nimehudhuria makongamano ya kuinua ufaulu wa wanafunzi mpaka yale mabegi ya kitambaa wanayotugawia mlangoni nimeyafanya ya kuwekea vitunguu, nimeambiwa nibandike malengo ukutani nikabandika, nikaambiwa yamepitwa na wakati niyabandue nikabandua, na walimu wangu wakiniona narudi na begi jipya begani wananong'ona, "Haya, mama katoka na lipi tena," na wala siwalaumu.

Sasa tuna mwalimu wa darasa la sita ambaye wote tunamwita Fundi, kwa sababu hakuna kitu kinachomshinda kukitengeneza, kuanzia kitasa cha ofisi hadi kengele. Mwaka jana wakaguzi walipotoa taarifa kwamba wanakuja, Fundi akawapanga watoto wake kimya kimya, akawaambia nikiuliza swali nyoosheni mikono wote, anayejua jibu anyooshe wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto, na mimi nitamchagua wa kulia tu. Mshauri, ungekuwepo! Darasa zima mikono juu, kila anayetajwa anasimama anajibu sawasawa, wakaguzi wanatazamana, na mimi nimesimama nyuma karibu na kabati la vitabu, sijui lolote, machozi yananilengalenga kwa furaha. Walipoondoka ndipo Fundi akanieleza huku anacheka, nami nikacheka, nikamwambia, "Wewe mtu hatari," nikamnunulia soda, nikajua yamekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Ripoti ya wakaguzi ikasema ushiriki wa wanafunzi katika shule yetu ni wa kuigwa, ikapanda ngazi kwa ngazi mpaka ikaifikia kamati ya maandalizi ya kongamano, wakanipigia simu, wanataka niwaeleze wakuu wenzangu tumefanyaje, na siku ya pili wajumbe wote wapande mabasi waje kuliona darasa lenyewe kwa macho yao. Nikasema nitashukuru. Mdomo ulitangulia kichwa. Mada wameshaipa jina wenyewe, "Kila Mkono Juu," limechapwa kwenye ratiba pembeni ya picha yangu, na slaidi nimezianza mara kadhaa nikazifuta.

Lakini kinachonimaliza si hicho. Naishi na binti wa dada yangu mkubwa. Dada anafanya kazi mbali, alimleta kwangu mwanzoni mwa mwaka huu akaniambia, "Mdogo wangu, shule yako naisikia inasifiwa, na sina mwingine wa kumwamini," nami nikamweka kwa Fundi, maana darasa gani lingine ningemweka? Mtoto mchangamfu, anaimba akifagia, haniletei shida yoyote, na kila dada akipiga simu kuuliza anaendeleaje namwambia vizuri, kwa sababu kila nikipita dirishani kwa darasa la sita naona mkono wake uko juu.

Jumapili iliyopita tuko mezani, mume wangu anatafuta miwani, akauliza, "Nani anajua miwani yangu iko wapi?" Mtoto akaweka kijiko chini, akanyoosha mkono wa kushoto. Mume wangu akamwambia, "Haya, sema." Mtoto akamshangaa. "Sijui, baba mdogo." Mume wangu akacheka akidhani ni utani, mimi tonge nikalirudisha sahanini.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nikamuuliza kama darasani bado wanafanya vile hata wageni wasipokuwepo.

"Ndiyo, mama mdogo. Kila siku. Mwalimu anasema hivyo hakuna anayechekwa."

"Na wewe unanyoosha upi?"

"Kushoto."

"Somo gani?"

"Yote. Si mimi ni wa kushoto?"

Alisema hivyo bila huzuni yoyote, kama mtu anayekutajia saizi ya kiatu chake. Nikamletea kitabu cha hadithi cha darasa la tatu, nikamwambia nisomee kidogo, mstari wa kwanza akabahatisha, wa pili akatazama picha akatunga wake. Mshauri, anakula mezani kwangu, analala chumba cha pili kutoka changu, na mimi ndiye nawafundisha wakuu wenzangu kuinua ufaulu!

Nimemwita Fundi ofisini. Hakukana. Aliniambia, "Mama mkuu, lile darasa sasa limetulia. Zamani mtoto akikosea wenzake walimzomea mpaka anakataa kuja shule, sasa hakuna anayelia. Na wewe mwenyewe ulifurahi. Ukinianika mbele ya wakuu wote wale, mimi nitafundisha wapi tena?" Mume wangu naye anasema, "Pitisha hizo siku mbili, ukirudi utatengeneza mambo yako taratibu, kwani nani amekufa?" Na jana dada alipiga simu, akauliza anaendeleaje, na mimi huyuhuyu nikamwambia vizuri.

Je, niende nikaisome mada kama ilivyo, watu wapige makofi nirudi nyumbani? Nijifanye mgonjwa? Au niseme ukweli, tuanguke mimi na Fundi pamoja, na shule irudi kuwa ile ambayo hakuna aliyekuwa anaizungumzia? Nimechoka, mshauri. Nimechoka hata kushangaa.

Mimi, mwenye picha kwenye ratiba

*

Mwenye picha, pole. Na kwa kuwa pole nimeshaitoa, kaa vizuri sasa nikuseme.

Huo ugonjwa wa kujifanya uache. Ukiugua wewe, mabasi yatakuja vilevile, na Fundi atasimama peke yake mbele ya wageni akicheza mchezo mlioucheza wawili. Maana ulikuwa wa wawili, mama. Siku ile ulipojua, ulicheka ukanunua soda. Mwalimu wa chini akiletewa soda na mkuu wake anajua ameruhusiwa. Kwa hiyo ukisimama kwenye kipaza sauti nisisikie "mwalimu wetu mmoja," wala "kulijitokeza changamoto." Utasema "mimi." Nilijua, nikafurahi, nikanyamaza. Hivyo ndivyo utakavyomlinda Fundi, na ndiyo kazi ya kiti hicho unachokilalamikia.

Mpango wake mimi sikuuchukia wote. Alitaka watoto wasizomewe na hawazomewi, jambo ambalo mabegi yako yote ya vitunguu hayajawahi kukuletea. Lakini hebu angalia kilichokuwa mbele yake kila siku. Kila swali, watoto walikuwa wanamwambia waziwazi, bila aibu, nani hajaelewa. Walimu wengine wanasubiri mtihani wa mwisho ndipo wajue hilo, wakati ambapo hakuna tena la kufanya. Yeye aliletewa bure, akawaruka wale waliomwomba msaada, akaenda kupokea majibu kwa wasiouhitaji. Nawe ukapita dirishani, ukaona mikono, ukaendelea na safari yako ya ofisini.

Basi mikono msiifute. Igeuzeni kazi. Kuanzia Jumatatu, swali likiulizwa, wa kushoto ndio wanaoanza kusikilizwa. Fundi amwendee mtoto alipo, amuulize kilichomtatiza, arudie kwa njia nyingine, na somo lisisogee mpaka wengi wao wamebadilisha mkono. Wa kulia watasubiri, au watasaidia jirani zao. Mtaala utachelewa. Uache uchelewe, maana sasa hivi unakwenda mbio na nusu ya darasa haimo. Mwambie Fundi haya leo, na umwambie pia utakachokisema kongamanoni, asije akakisikia ukumbini pamoja na wageni.

Mada isome kwa jina lilelile walilokupa, limekufaa kuliko walivyojua wenyewe. Eleza jambo hili lilivyoanza, lilivyokufurahisha, na lililowapata watoto. Binti wa dada yako usimtaje, yeye si slaidi. Siku ya pili wageni wakija, wakute somo jipya ambalo darasa halijawahi kuliona, Fundi anahangaika na watoto wanahangaika, kama darasa lolote duniani. Wapo watakaokucheka. Ofisi ya elimu inaweza kukuandikia barua, nawe utaijibu. Na wapo watakaokufuata pembeni wakati wa chai, watazame huku na kule, wakuambie ya shuleni kwao. Hao wasikilize, maana kongamano lenyewe litakuwa hapo.

Mume wako anauliza nani amekufa. Mjibu kwamba hakuna aliyekufa, ila kuna asiyejua kusoma, na ndiye aliyemnyooshea mkono alipotafuta miwani yake. Kisha mkabidhi vyombo vya jioni avioshe yeye, kwa sababu wewe utakuwa na kazi.

Dada yako mpigie kabla ya kongamano, kwa sauti yako, usimtumie ujumbe. Mwambie, "Dada, nilikwambia vizuri, na haikuwa vizuri." Atawaka. Mwache awake, ana haki, usijitetee kwa madawati wala kwa paa la stoo. Akimaliza, mweleze utakachofanya, na usimwahidi tarehe.

Na kazi yenyewe ni hii. Kila siku baada ya kula, wewe na mtoto mkae na kile kitabu cha darasa la tatu. Usimkazanie mwendo, usimlinganishe na mtu, na cheo chako kiache kimening'inia na mkoba wako mlangoni. Akitunga mstari wake, msifu kwa utunzi, kisha mrudishe taratibu kwenye ule uliochapwa. Utachoka, ndiyo, lakini uchovu huu si ule wa kufuta slaidi, huu utaulalia vizuri.

Uliniuliza ufanye nini kuhusu picha yako, kuhusu Fundi, kuhusu shule kusahauliwa. Shule ikisahauliwa na wageni si msiba. Tangu mwaka uanze, mtoto wa dada yako amekuwa akinyoosha mkono mbele ya mwalimu, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwita. Funga barua hii, nenda chumba cha pili, umwite.