Shabiki wa Villa Zorzal Asiyeujua Wimbo wa Villa Zorzal

Mpendwa Shangazi Ofelia, naomba msaada kabla Jumamosi haijafika, maana ikifika nimekwisha.

Mimi ni mtangazaji wa mpira kwenye televisheni hapa Buenos Aires, jina silitaji, miaka kumi na mmoja sasa, nilianza kwa kushika kipaza sauti kando ya uwanja huku narushiwa maganda ya machungwa na kuambiwa nirudi jikoni, leo natangaza mechi kubwa na sauti yangu inasikika mpaka Lima na Montevideo, na unajua hapa kwetu mtangazaji akijulikana timu yake basi nusu ya nchi inamtukana yeye na mama yake, kwa hiyo siku ya kwanza kabisa bosi wangu Anselmo alinivuta pembeni akaniambia, "Binti, ukiulizwa, taja katimu kadogo. Katimu kadogo hakana adui." Nikataja Villa Zorzal, Shangazi, kwa sababu asubuhi ile treni ilipita hapo nikaona kibao, basi!

Uongo ukaota mizizi. Nikaalikwa kwenye kipindi, nikasimulia jinsi babu alivyokuwa akinipeleka jukwaa la upande wa reli, mvua inanyesha, sisi tumejibanza chini ya paa tunakula mkate wa soseji, mpaka mwenyewe nikatokwa na machozi, ilhali marehemu babu alikuwa shabiki lialia wa moja ya zile timu kubwa, na mimi vilevile, nayo siitaji hata kwako. Kila Jumapili nikisoma matokeo ya madaraja ya chini naongeza, "Na Zorzal wangu leo...", watu wanacheka, kazi inakwenda.

Sasa Zorzal wamepanda ligi kuu baada ya miaka arobaini na mmoja! Jumamosi wanaanzia nyumbani, na nani? Na timu yangu ya kweli! Juzi mzee Evaristo, anayezifua jezi zao za kijani tangu ujana wake, kanipigia simu: "Mwanangu, tumekuandalia kadi ya uanachama wa maisha. Utapewa katikati ya uwanja, halafu utuanzishie wimbo wetu wa zamani, ule aliokufundisha babu yako." Wimbo gani, Shangazi? Sijui hata neno la kwanza! Mama anasema, "Jifanye koo limekauka." Anselmo anasema nipige la-la-la mpaka wanidakie. Nikisema kweli naogopa kazi itaota mbawa, nisiposema namdanganya mzee wa watu mbele ya watu elfu nane. Nifanyeje?

Mnafiki wa Kijani, Buenos Aires

*

Wewe Mnafiki wa Kijani,

Jina hulitaji, timu huitaji, halafu unasema sauti yako inafika Lima na Jumamosi unapewa kadi Villa Zorzal! Hata paka wangu keshakujua. Nimecheka mpaka kahawa ikanipalia. Haya, nimemaliza kucheka, sasa nikugombeze.

Kujificha nyuma ya katimu kadogo si dhambi kubwa, wenzako wote wamejibanza humo humo. Kosa lako ni kumvalisha marehemu babu yako jezi isiyo yake. Angekuwa hai angekuzaba kibao, na mimi ningemshikia koti. Na mama yako mwambie koo tuliache: ukiugua Jumamosi hii, utaugua kila Zorzal wakicheza.

Sasa sikiliza vizuri. Mimi ni mzaliwa wa Villa Zorzal, mtaa wa nyuma ya goli. Jukwaa la upande wa reli halijawahi kuwa na paa. Hata bati moja, mwanangu! Siku uliyosimulia mvua yako tulikuwa tumejaa kwenye baa ya klabu tunakutazama. Tulitazamana, kisha tukaangua kicheko. Evaristo akasema, "Mwacheni. Nani mwingine anatutaja?"

Msimu ule tulifungwa mechi tisa mfululizo, hakuna gazeti lililotuandika. Wewe ulitutaja. Watoto wetu walikuwa wanakodoa macho kwenye televisheni kila Jumapili wakisubiri maneno yako manne, na miaka kumi na mmoja hukuruka wiki. Kwa hiyo acha kujiita mnafiki, umenikera.

Alhamisi panda treni ile ile, safari hii ushuke. Usiende na kamera. Mkute Evaristo kwenye chumba cha kufulia, umwambie kweli yote, na timu yako mtajie. Atakutukana kidogo, vumilia. Jumamosi uyaseme hayo hayo kwenye kipaza sauti kabla ya kushika kadi. Anselmo hawezi kukufukuza kwa somo alilokufundisha mwenyewe. Na timu ya babu yako endelea kuipenda, ila goli letu ulitangaze kwa pumzi ile ile.

Kuhusu wimbo wa zamani, usihangaike kuutafuta. Hatuna wimbo, hatujawahi kuwa nao. Mzee amekutega uje mwenyewe useme kweli.

Nenda basi. Na ubebe mwavuli, wametabiri mvua, na paa bado hatuna.

Shangazi Ofelia