Programu Isiyopiga Hodi

Fiston, mjukuu wangu,

Nina hasira, na siwezi kungoja unitokee ndotoni. Ndiyo maana naandika. Herufi zangu unazijua, zinalala ovyo. Vumilia.

Bosco amelichafua jina lako. Bosco yule yule uliyemfundisha kazi, aliyekula maharage yangu akaomba tena, aliyelia kwenye mazishi yako kutushinda sisi wafiwa. Machozi yale yalikuwa maji ya bomba.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinieleza kazi yako huku natwanga sombe, majani ya muhogo? Unafunga programu zote katika kifurushi kimoja, unaandika skripti, yaani orodha ya amri, halafu kompyuta za shule nzima zinajiwekea zenyewe, kimya, bila dirisha hata moja kufunguka na kuuliza "Unakubali?" Nikakwambia huo ni mwendo wa mwizi, mtu wa heshima hupiga hodi. Ukacheka: "Bibi, mashine zote zikipiga hodi, nitaitikia mpaka lini?" Lakini kila kifurushi ulikijaribu kwanza kwenye ile kompyuta kuukuu, mezani kwangu, ukaikodolea macho kama mtu anayeonja mchuzi kabla ya kuwapa wageni. Basi nikakuachia.

Sasa sikia uchafu. Dada yako Aline alirudi kutoka shule akasema kompyuta za darasani zinafungua kamari zenyewe. Kamari, Fiston, mbele ya watoto! Na Sista mkuu akatangaza darasani: "Hizi ni programu za marehemu Fiston." Maana kifurushi bado kina jina lako. Aline alilia. Mimi nilivaa viatu.

Nilimkuta Bosco mtaani Muhima, ofisini kwenu, miguu juu ya kiti chako. Wala hakukana. Wenye kamari wanampa chochote, ndiyo maana akaitia kifurushini mwako. Akaniita Nyogokuru, kana kwamba mimi ni bibi yake: "Nyogokuru, ni tangazo tu, halimuumi mtu. Hata Fiston angefanya."

Hata Fiston! Nikamuuliza, kama halimuumi mtu, mbona uliliingiza kimya? Akaanza kutafuta simu iliyokuwa mkononi mwake.

Nikamburuta mpaka shuleni. Mbele ya Sista nikamwambia aitoe ile amri ya kimya kwenye skripti, kifurushi kiulize kila kitu, sote tuone. Akabembeleza, jasho likamtoka, akaitoa. Madirisha yakaanza kufunguka, Aline akitusomea. Programu ya kuandika, unakubali? Ya hesabu, unakubali? Kisha ikaja kamari na rangi zake za baa. Unakubali?

Bosco alitazama sakafu. Sista alimtazama Bosco. Nikanyoosha kidole changu chenye harufu ya kitunguu, nikabonyeza "Non", yaani hapana, mwenyewe. Neno hilo nalijua kusoma.

Sista, aliyekutukana mbele ya wanafunzi, alikusafisha mbele yao. Nilikaa nyuma ya darasa mpaka amalize, nisije nikadanganywa. Bosco hakanyagi tena pale, wala jikoni kwangu. Mashine zimepewa kifurushi chako mwenyewe, kile safi, kutoka kompyuta ya mezani.

Lakini usidhani nimemalizana nawe. Wewe pia ni wale wale. Homa ilikuwa inakula mwili wako, ukaniambia "ni kichwa tu, Bibi," ukapanda pikipiki kwenda hospitali peke yako, eti usinisumbue. Kunisumbua! Nilikuwa pale pale, na mchi mkononi. Ulikuwa na mdomo. Ulikuwa na...

Basi.

Lala, mwanangu. Kompyuta yako haiuzwi, na mtu yeyote akitaka kulitumia jina lako atakuja kuniuliza mimi kwanza, mlangoni, amesimama. Hilo nakuahidi.

Nawe ungeniuliza, Fiston. Ungeniuliza kama nakubali uondoke. Ningesema hapana.

Bibi yako,
Nyumbani, mtaani Nyakabanda