Asumini Amezaa, Mama

Mama yangu,

Asumini amezaa. Nimeanza na hilo hata kabla ya salamu, kwa sababu ungekuwapo ungeliuliza hilo kwanza, ndipo ukumbuke kuwaulizia wajukuu. Ndama ni jike, mwekundu, na ana baka jeupe kwenye paji la uso kama la bibi yake, yule ng'ombe uliyempenda kuliko watoto wako. Usibishe, Mama. Ulimpenda kuliko sisi.

Shamba bado lipo. Ukuta wa udongo waliojenga wazee wa baba umebomoka kidogo upande wa Mabela, na pale palipobomoka yanaonekana majumba mapya, meupe, yanazidi kila mwezi. Nyumba kongwe yenye mnara imesimama. Ijumaa huja watu kupiga picha mlango wa nakshi na ile miti mikubwa ya ghafu, na mbuzi wako wanawatafunia mikoba. Sijiingizi. Nawaacha wapatane wenyewe.

Juzi nilipokuwa nikichemsha chakula cha ng'ombe nilicheka peke yangu. Nilikumbuka tulivyokuja kutoka Unguja huku Uarabuni kwao baba, ukawakuta wifi zako wanapika tende na dagaa wakavu kwenye sufuria la shughuli, kisha wanawapa ng'ombe. Ulishika kiuno. "Ng'ombe anakula dagaa? Basi na paka nimkatie majani!" Ukakataa katakata, ukawalisha majani matupu, mpaka maziwa yakapungua na wifi zako wakachoka kwa kukucheka. Mwisho ulilichukua sufuria mwenyewe, na tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa kwa mwiko.

Jambo moja tu hukulibadilisha. Ng'ombe ulisema nao Kiswahili. Kila ndama aliyezaliwa kwenye banda lile alikua akisikia, "Sogea mwanangu, nna kazi mie." Majirani wakiwafokea kwa Kiarabu, wanawatazama tu, wanaendelea kutafuna. Jamal, kijakazi wetu wa kiume kama ulivyokuwa ukimtania, alikuja kutoka Bangladeshi hajui lugha zetu hata moja. Kwa kuwasikiliza wewe na ng'ombe wako, sasa anasema Kiswahili cha Unguja. Wiki iliyopita alimwambia mgeni wa heshima asogee, mwanangu.

Sasa nikwambie la mwanao Khamis.

Ulipokuwa hai hakuna aliyethubutu kutamka neno kugawana. Ulipoondoka tukabaki wawili, mimi na yeye, na sehemu yake ni kubwa kuliko yangu. Ndivyo sharia ilivyo, sina ugomvi nayo. Lakini alipata mtu anayetaka shamba zima, avunje banda, akate miti, apange nyumba mpaka kwenye mnara. Khamis ana nyumba yake Azaiba na kazi yake serikalini. Aliniambia shamba hili linatula sisi, si sisi tunaolila. Aliniambia kwa Kiarabu. Unajua miaka mingi sasa yeye husema Kiarabu nami nikamjibu Kiswahili, kila mtu na lake. Niliogopa, Mama. Nilijiuliza nitawapeleka wapi ng'ombe wako, na mimi mwenyewe nitaamka asubuhi nifanye nini.

Alhamisi asubuhi akaja na mnunuzi kumwonyesha mipaka. Khamis mwenyewe kanzu nyeupe imepigwa pasi, kofia, udi unamtangulia. Na Asumini naye akaichagua saa hiyohiyo. Ndama alikuwa amekwama, miguu imetoka, kichwa hakiji, na Jamal nilikuwa nimemtuma Al Amerat kupeleka mbuzi. Nilipiga ukelele, "Khamis! Njoo uvute!"

Akaitazama kanzu yake. Akanitazama mimi. Kisha akaivua, akaitundika kwenye msumari wa mlango, akaingia bandani na fulana na shuka ya kiunoni. Tulivuta pamoja mpaka tukaanguka chali, na ndama juu yetu.

Lakini hakuinuka. Tulimsugua kwa gunia, tukampuliza puani, analegea tu. Mimi nilikwisha kata tamaa. Ndipo mwanao, amepiga magoti kwenye mavi, akampiga kofi la ubavuni, akasema, "Simama mwanangu, nna kazi mie!"

Kwa sauti yako, Mama. Kwa hamaki yako ileile. Niliacha kusugua nikaangua kilio. Yule ndama akapiga chafya, akainuka, akaanguka, akainuka tena.

Khamis alitoka vilevile na fulana yake chafu, akasema na mnunuzi chini ya mghafu, na yule bwana akarudi kwenye gari lake. Aliporejea bandani aliniambia, "Haliuzwi, Da Zuwena." Akanawa mikono, kisha akauliza, "Dang'a utaipika lini?" Yote kwa Kiswahili. Yale maziwa ya mwanzo niliyapika kama ulivyokuwa ukipika, kwa iliki na sukari, akakomba sufuria mpaka nikaona haya mbele ya Jamal. Alhamisi iliyofuata akaja na udongo kuziba ukuta. Kazi yenyewe imepinda, lakini imeziba.

Ahsante, Mama. Ahsante kwa banda, kwa sufuria, kwa kutufokea. Nilidhani Khamis alikwisha kukusahau, kumbe ulikuwa umekaa kooni mwake miaka yote hiyo. Mungu akupe kivuli kipana kuliko cha mighafu yetu.

Nami nakuahidi hili: maadamu niko hai, hatazaliwa ndama ndani ya ukuta huu asisikie maneno yako kabla ya ya mtu mwengine yeyote.

Asumini ananiita, chuchu zimejaa. Pumzika, Mama. Nna kazi mie.

Mwanao,
Zuwena